Uchafuzi wa Viwanda na Migodi Nyanda za Juu Kusini na Wakazi wa Mwambao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayorudiwa katika mikutano ya vijiji, masokoni na kwenye mialo ya wavuvi kuanzia Kyela hadi Iringa. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji ataelekezwa kwenye swali husika.

## Maji yetu yanakwenda wapi

1. Sisi tunaishi milimani. Mambo ya mwambao yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kwa sababu maji ya milimani huteremka kwa watu wengine, na kwetu huteremkia pande tatu. Mito ya Rungwe na Kyela, ukiwamo Kiwira, huingia Ziwa Nyasa. Maji ya Chunya, kupitia Mto Lupa, pamoja na ya sehemu kubwa ya Mbozi na ya jiji la Mbeya, huelekea Ziwa Rukwa. Maji ya Mbarali, Iringa na Mufindi hupita Ruaha Mkuu au Kilombero, yakakutana katika Mto Rufiji na kumalizikia Bahari ya Hindi, kwenye delta yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko mingine yote ya Afrika Mashariki.

Kwa hiyo tunaposema wakazi wa mwambao hatumaanishi watu wa pwani ya bahari peke yao. Mvuvi wa Matema, mama anayeanika usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) Itungi, mkazi wa kijiji kilicho ukingoni mwa Rukwa na mvuvi wa kamba wa delta ya Rufiji, wote hao wanapokea tunachokiachia mitoni. Msomaji akumbuke pia kwamba ipo mito miwili iitwayo Songwe, mmoja ukiingia Rukwa na mwingine, ulio mpakani mwa Tanzania na Malawi, ukiingia Nyasa. Malalamiko mengi hupotelea njiani kwa sababu tu mlalamikaji hakutaja ni Songwe upi.

2. Huku hakuna viwanda vingi kama Dar es Salaam. Uchafuzi unatoka wapi?

Ni kweli kwamba viwanda vyetu ni vichache, lakini kinachopimwa ni kile kinachoingia mtoni, na idadi ya mabomba ya moshi haituelezi hilo. Nyanda za Juu Kusini zina uchimbaji na uchenjuaji (yaani kuitenga na mawe) wa dhahabu Chunya na Songwe, makaa ya mawe katika eneo la Kiwira na upande wa Mbinga, mitambo ya kumenya kahawa mbivu Mbozi, Rungwe na Mbinga, viwanda vya chai Mufindi, Rungwe na Njombe, karatasi Mgololo, pamoja na saruji, vinywaji na usindikaji wa mbao. Kila kimoja kina taka zake. Saruji husumbua zaidi kwa vumbi, na chai hudai kuni nyingi kuliko inavyochafua maji. Dhahabu, makaa ya mawe, kahawa na karatasi ndizo zinazogusa mito moja kwa moja, na kati ya hizo dhahabu ndiyo inayostahili hofu kubwa zaidi, kwa sababu zinazoelezwa katika swali la 5.

3. Ziwa Nyasa lina kina kirefu mno. Haliwezi kuumeza uchafu wote huo?

Hili ndilo swali linalotia wasiwasi kuliko yote, maana linaulizwa na watu waungwana wanaoamini kwa dhati kwamba ziwa halishindwi. Kina cha Nyasa hufikia takriban mita 700, na hilo linatoa picha ya hifadhi isiyojaa. Lakini maji ya ziwa hili hayachanganyiki yote. Chini ya mita 200 hadi 250 hakuna oksijeni, na samaki wote tunaowafahamu huishi katika tabaka la juu. Nako katika tabaka hilo si kila mahali panafanana, kwa kuwa ukanda wa karibu na fukwe, ndiko samaki wengi hutaga na ndiko mito humwaga maji yake.

Pia ziwa hujisafisha polepole sana. Mto pekee unaotoka ni Shire, upande wa Malawi, ilhali sehemu kubwa zaidi ya maji huondoka kwa mvuke. Mvuke hauchukui madini mazito, huyaacha. Aina nyingi za samaki wa Nyasa hazipatikani mahali pengine popote duniani, na samaki kama mbasa hupanda mitoni kutaga, kwa hiyo mto ukiharibika wanaathirika hata kama ziwa lenyewe bado linaonekana safi.

4. Na Ziwa Rukwa?

Rukwa lina hali ngumu zaidi. Halina mto unaotoka, kina chake ni cha mita chache tu, na ukubwa wake hubadilika sana kati ya miaka ya mvua na ya ukame. Chochote kisichooza wala kuyeyuka hewani kikishaingia humo hubaki humo. Kwa kuwa mito ya uwanda wa dhahabu wa Lupa huelekea huko, Rukwa ndilo ziwa ambalo kwa maoni yetu lilipaswa kupimwa mara nyingi kuliko yote, na bado ndilo linalotajwa kwa nadra kuliko yote.

## Dhahabu, zebaki na samaki

5. Zebaki inayotumika machimboni Chunya inafikaje kwenye samaki?

Mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, huosha unga wake, kisha huchanganya zebaki ili iikamate dhahabu. Donge linalopatikana huweza kuwa na zebaki inayofikia nusu ya uzito wake. Donge hilo likichomwa, zebaki hugeuka mvuke na dhahabu hubaki. Hapo pana njia mbili za uchafuzi: zebaki iliyobaki katika mchanga wa marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kutolewa dhahabu, huoshwa na mvua hadi mtoni, na ile iliyopanda kama mvuke hupoa, ikashuka juu ya udongo, mapaa na maji.

Ikifika kwenye matope yasiyo na oksijeni, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki. Hii ndiyo sumu hasa ya samaki. Vijidudu vya majini huinyonya, samaki wadogo huwala vijidudu hivyo kwa wingi, samaki wakubwa huwala wadogo, na katika kila hatua sumu huongezeka ndani ya nyama. Ndiyo maana maji yanaweza kupimwa yakaonekana na zebaki kidogo sana, huku samaki mla samaki wa mahali hapo hapo akiwa nayo mara nyingi zaidi. Anayepima maji peke yake na kutangaza kwamba pako salama hajamaliza kazi.

6. Minamata inayotajwa kila mara ni nini?

Ni mji wa pwani nchini Japani. Kiwanda cha kemikali kilimwaga maji yenye zebaki katika ghuba yake kuanzia 1932 hadi 1968. Wa kwanza kuonekana wakiugua walikuwa paka waliokula mabaki ya samaki: waliyumba, wakapata degedege na kufa. Ugonjwa wa watu ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na waliokuwa mstari wa mbele kuumia ni familia za wavuvi, waliokula samaki kila siku. Walikufa ganzi mikono na miguu, wakapoteza uwezo wa kuona pembeni, kusema na kutembea. Akina mama waliokuwa na dalili ndogo tu walizaa watoto walioathirika vibaya ubongo. Hata hivyo serikali ya Japani ilikiri chanzo hicho mwaka 1968, yaani miaka 12 baadaye. Zaidi ya watu 2,000 wamethibitishwa rasmi kuwa wagonjwa.

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulipewa jina la mji huo. Ulipitishwa 2013, ukaanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kiasi kilichomwagwa na kiwanda kile si sawa na kinachotoka kwenye machimbo yetu, na si haki kuwatisha watu kwa kusema Rukwa ni Minamata. Kinachofanana ni njia ya sumu, na pia tabia ya kungoja mpaka watu waugue ndipo upimaji uanze.

7. Je, tuache kula samaki?

Hapana. Samaki ni chakula bora, na kwa kaya nyingi za Kyela na Rukwa ndicho kitoweo pekee cha bei nafuu. Kinachoshauriwa ni kuchagua. Samaki wadogo wanaokula vijidudu vya majini, kama usipa, na wale wanaokula majani na mwani, kama perege, huwa na zebaki kidogo kuliko samaki wakubwa wanaokula samaki wenzao. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasile mara kwa mara samaki wakubwa wala samaki waliotoka katika mabwawa na vijito vilivyo karibu kabisa na machimbo ya uchenjuaji. Mwili hutoa methili-zebaki polepole, kiasi chake kikipungua nusu kwa muda wa takriban miezi miwili, kwa hiyo mwanamke anayetarajia kushika mimba anafaidika akianza kuchagua mapema.

8. Kuchemsha maji au kukausha samaki kunaondoa sumu?

Kuchemsha maji huua vijidudu vya kuhara na kipindupindu, na ni desturi njema isiyopaswa kuachwa. Madini hayafi kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke, madini yaliyomo huongezeka katika yale yaliyobaki. Kadhalika kukausha, kubanika au kukaanga samaki hakuondoi methili-zebaki, kwa sababu imeshikamana na nyama yenyewe na si mafuta wala ngozi. Chujio la kitambaa huzuia matope tu.

9. Tunaambiwa sianidi ni salama kuliko zebaki, kwa sababu huoza. Ni kweli?

Kwa sehemu. Sianidi, kemikali inayotumika kuyeyusha dhahabu iliyomo katika mawe, huvunjika kwa jua na hewa, na haijilimbikizi katika samaki kama zebaki. Lakini kabla haijavunjika ni sumu kali ya papo kwa papo, inayoua samaki, ng'ombe na watu kwa kiasi kidogo. Bwawa la sianidi linalovuja usiku wa mvua linaweza kufisha kijito kizima kabla hapajapambazuka.

Hatari isiyojulikana na wengi ni pale vitu hivi viwili vinapokutana. Marudio ambayo tayari yana zebaki yakiwekwa sianidi, sianidi huiyeyusha zebaki hiyo na kuifanya isafiri kwa urahisi zaidi na maji. Mkataba wa Minamata unaitaja hali hiyo miongoni mwa mambo manne ya kukomeshwa katika uchimbaji mdogo. Mengine matatu ni kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa bila kwanza kutenga yenye dhahabu, kuchoma donge hadharani bila chombo cha kunasa mvuke, na kulichoma katika makazi ya watu. Anayetembelea machimbo yetu hatapata shida kuyaona hayo yote.

10. Mchimbaji mdogo afanye nini, naye ana watoto wa kulisha?

Mchimbaji huyo ndiye wa kwanza kuumia, maana huvuta mvuke wenyewe, na mara nyingi donge huchomwa jikoni mbele ya watoto. Retoti, yaani chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, humwokolea sehemu kubwa ya zebaki aliyoinunua kwa fedha yake. Kuchagua mawe na kuosha vizuri kabla ya kutia zebaki hupunguza kiasi kinachohitajika. Marudio yahifadhiwe mahali palipoinuka, mbali na kijito, juu ya sakafu isiyopitisha maji. Hatuoni kwamba kumfukuza mchimbaji ni suluhisho, kwa kuwa aliyefukuzwa hufungua shimo jingine mahali pa siri zaidi, karibu zaidi na mto.

## Kahawa, karatasi, mashamba na makaa ya mawe

11. Maji ya kahawa yanatokana na tunda. Yana ubaya gani?

Ubaya wake ni njaa ya oksijeni. Utomvu wa kahawa mbivu umejaa sukari, nayo ikichacha hugeuka asidi. Bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni ya mto, na samaki hukosa pumzi. Kipimo kinachotumika ni kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuozesha taka zilizomo, na kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini kwa maji yanayoachiwa mtoni ni miligramu 30 kwa lita. Maji ya kumenyea kahawa yasiyotibiwa hufikia maelfu. Jambo la kutia moyo ni kwamba tatizo hili lina tiba isiyo na gharama kubwa: kutumia maji yale yale zaidi ya mara moja, kuyapeleka kwenye mashimo ya kutua yaliyo mbali na kijito, na kuyageuza maganda kuwa mboji badala ya kuyasukumia bondeni.

12. Harufu ya mayai viza karibu na kiwanda cha karatasi ni ishara ya sumu mtoni?

Si lazima. Mbao hupikwa kwa kemikali zenye salfa, na gesi zake hunuka hata zikiwa kidogo mno. Harufu husumbua watu na ina haki ya kulalamikiwa, lakini haisemi chochote kuhusu mto. Cha kuulizia ni maji meusi yanayobaki baada ya kupika mbao. Kiwanda kinachoendeshwa vizuri huyakausha na kuyachoma katika tanuri maalumu ili kurudisha kemikali zake, na maji ya kuoshea hupitishwa katika mabwawa ya kutibu. Karatasi za kahawia za mifuko hazipaushwi, kwa hiyo hazileti tatizo la dioksini, kundi la kemikali zenye sumu kali, linalotokana na upaushaji wa klorini.

13. Mbolea na dawa za mashambani nazo zinahesabika?

Zinahesabika sana, ingawa hazitoki kiwandani. Mbolea inayooshwa kutoka mashamba ya mpunga, viazi na chai hulisha mwani, na mwani ukioza huleta hali ile ile ya swali la 11.

14. Maji yanayotoka mgodi wa makaa ya mawe yakiwa ya rangi ya kutu, yamekuwaje?

Mawe ya makaa huambatana na madini ya chuma na salfa ambayo yakikutana na hewa na maji huzaa asidi. Asidi hiyo huyeyusha chuma na metali nyingine, na chuma kikitua huacha utando wa kutu mtoni. Hali hii huweza kuendelea miaka mingi baada ya mgodi kufungwa. Chokaa hutumika kuipunguza asidi, lakini dawa bora ni kuzuia maji ya mvua yasipite kwenye vifusi.

15. Mabwawa ya Mtera, Kidatu na Julius Nyerere hayachuji uchafu kabla haujafika Rufiji?

Huzuia matope, na metali nyingi hushikamana na matope hayo, kwa hiyo sehemu hubaki bwawani. Watu hulifurahia hilo upesi mno. Mtera lina wavuvi wake, na samaki wake huliwa Iringa na Dodoma, maana yake ni kwamba sumu imekomea kwa walaji wengine. Isitoshe, matope ya chini ya bwawa yasiyo na oksijeni ndiyo mazingira yanayozalisha methili-zebaki iliyoelezwa katika swali la 5. Delta nayo hukosa udongo mpya unaoilisha mikoko. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka sehemu zake wakati wa kiangazi, na mto wenye maji machache hauna cha kuzimulia taka inayoingia.

## Sheria na malalamiko

16. Sheria inampa haki gani mkazi wa kawaida?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa. Inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, inaweka msingi kwamba mchafuzi ndiye alipe, na inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayetiririsha majitaka mtoni awe na kibali. Swali la kwanza la kijiji kwa kiwanda liwe hilo: kibali kiko wapi, na kinaruhusu nini?

17. Malalamiko yapelekwe wapi?

Anzia serikali ya kijiji na afisa mazingira wa halmashauri, kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Kwa jambo la maji, nenda bodi ya bonde husika: ya Ziwa Nyasa iko Tukuyu, ya Ziwa Rukwa iko Mbeya, na ya Rufiji iko Iringa. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lina ofisi ya kanda Mbeya, na ndilo lenye wakaguzi wanaoweza kutoza faini au kufunga shughuli. Ukiwa na shaka juu ya mpaka wa bonde, rejea swali la 1.

18. Sampuli ya maji ichukuliweje ili isikataliwe?

Sampuli ya kesi ni vema ichukuliwe na mkaguzi. Lakini mkaguzi anaweza kufika baada ya siku kadhaa, na mto haumngoji. Mwananchi achukue chupa safi, aisuuze mara tatu kwa maji yale yale ya mto, aijaze hadi juu, aifunge na kuiweka mahali pa baridi. Achukue moja juu ya bomba la kiwanda na nyingine chini yake, saa ile ile, mbele ya mashahidi, na aandike mahali, tarehe na saa. Sampuli ya chini peke yake haithibitishi kitu, kwa kuwa kiwanda kitasema uchafu ulitoka juu.

## Mambo yenye utata

19. Samaki wengi wakifa siku moja, lazima pawe na sumu?

Hapana. Upepo mkali unaweza kupandisha maji ya chini yasiyo na oksijeni, na mwani uliooza huleta maafa yale yale. Samaki wakionekana wakihema juu ya maji kabla ya jua kuchomoza, fikiria kwanza upungufu wa oksijeni. Wakifa pamoja na vyura, kaa na wadudu wa majini katika kipande kimoja cha mto, hasa chini ya mtambo, shaka ya sumu ni kubwa. Kwa hali yoyote ile wasiokotwe kwa kuliwa wala kuuzwa. Wachache ambao bado hawajaoza wawekwe kwenye barafu kwa ajili ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye naye ana ofisi ya kanda Mbeya.

20. Kiwanda kinatupa ajira. Tukilalamika, kikifungwa?

Hofu hii ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Lakini mvuvi, mchuuzi wa usipa anayeshusha gunia lake Mwanjelwa na mkulima wa mpunga wa Kyela nao wana ajira, ingawa hawana kitambulisho cha kazi. Gharama ambayo kiwanda hakikuilipa kwa kutibu maji haikutoweka. Imelipwa na hao. Mara nyingi linaloombwa ni bwawa la kutibu, sakafu ya saruji au mtambo wa kunasa mvuke, na mambo hayo hayajawahi kuwa sawa na kufunga kiwanda.

21. Kijijini kwetu kuna vilima vya marudio ya zamani visivyo na mwenyewe. Nani anawajibika?

Uwanda wa Lupa umechimbwa tangu miaka ya 1920, na vilima vingine vimewazidi umri wazee wa vijiji. Kwa mgodi wenye leseni, mwenye leseni ndiye anayepaswa kurejesha ardhi, na wakaguzi wanaweza kumpa amri ya kufanya hivyo. Kwa marudio yasiyo na mwenyewe, halmashauri na NEMC ndio wa kuombwa wapime. Mpaka yapimwe, kijiji kisigawe viwanja juu yake, mchanga wake usitumike kujengea nyumba wala kurutubishia bustani, na mfereji uchimbwe upande wa juu ili mvua isipite katikati yake kuelekea kijitoni. Akija mtu anayetaka kuyachenjua upya kwa sianidi, serikali ya kijiji imuulize kwanza kama zebaki imeondolewa, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 9, na isitie saini muhtasari wowote kabla ya kuona majibu ya maabara.